Mzee Manjano

Jina la Manjano hakupewa na mama yake wala na padri. Kwa padri alikuwa Otmar, kwa mama yake alikuwa Nkwabi, na kwetu sisi wa Nyarugusu, kwa miaka mingi, alikuwa Jicho. Manjano lilikuja uzeeni, tena lilikuja na aibu, na wengi wanaolisimulia siku hizi wanalisimulia vibaya kwa sababu wana haraka ya kucheka. Mimi nitalieleza lilivyokuwa. Mwenye kucheka acheke mwishoni, kama bado atakuwa na hamu.

Tuanze na jicho lenyewe. Wachimbaji walikuwa wakimletea Otmar mawe kutoka kila duara, maana duara ndilo jina letu la shimo la dhahabu. Hakuwa na mashine wala darubini. Alilitazama jiwe kivulini, akalitoa juani, akalilamba, akalirudisha kivulini. "Kinachong'aa juani na kufifia kivulini ni tapeli," alikuwa akisema. "Dhahabu haina haja ya jua." Akikwambia chimba, unachimba. Akikwambia acha, unakusanya sururu na karai lako unaondoka, hata kama roho inakuuma. Hakuomba kitu kwa kazi hiyo. Malipo yake yalikuwa lile jina, na akipita sokoni na watu wakasema "Jicho huyo," mabega yake yalikuwa yanapanda kidogo. Tuseme ukweli, mzee alipenda sifa.

Mke wake wa kwanza alifariki, na baada ya kukaa mgane kwa muda akafunga ndoa na Theopista, mwanamke wa Ushirombo, mcheshi, mchapakazi, ambaye umri wake ulikuwa karibu na wa watoto wa mumewe. Watu walisema yao. Otmar hakujali, mpaka mwili wake ulipoanza kumsaliti. Kwanza moyo: ulikuwa ukienda mbio bila kufukuzwa, miguu ikavimba, akilala chali anakosa pumzi. Hospitali ya misheni wakampa vidonge vidogo vyeupe vya moyo na kumwambia kwamba atavimeza maisha yake yote, na kwamba dawa hiyo ni nzuri lakini haitaki mchezo.

Baada ya hapo vidonge hivyo alikuwa akivichukua kwenye kituo chetu cha afya, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia, ingawa hakuna aliyeuona. Mganga wa kituo alikuwa Bernadina, mke wa Valerian, mtoto wa kwanza wa Otmar. Mkwe wake! Kwa Wasukuma, baba mkwe na mkwe hawagusani. Hawali chungu kimoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Bernadina alipomsalimu alipiga magoti mbali na kutazama chini, "Shikamoo baba," naye aliitikia huku anatazama mlango. Sasa dawa ya moyo ilitaka kila mara ahesabiwe mapigo kabla ya kupewa vidonge vingine. Bernadina atafanyaje? Alitandika kitambaa juu ya kifundo cha mkono wa mzee, akaweka vidole juu ya kitambaa, na kuhesabu hivyo hivyo, uso ameugeuzia dirishani. Kitambaa chenyewe kilikuwa kizito, cha kudarizi. Wote wawili waliridhika kwamba heshima imelindwa.

Kisha anauliza, kila mara, maana alifundishwa kuuliza: "Baba, kuna dawa nyingine mnatumia? Hata ya kienyeji?"

"Hakuna, mama."

Mwanzoni ilikuwa kweli.

Moyo ulipotulia, ndipo Otmar alipogundua kwamba kuna kitu kingine kilichotulia pamoja nao. Nifiche nini? Mzee alikuwa hafai tena chumbani. Theopista hakusema neno. Aligeukia ukutani akalala, na asubuhi akampikia uji kwa furaha ileile. Ukimya huo ulimchoma Otmar kuliko tusi. Alianza kuona aibu hata ya kuoga akiwa karibu. Alianza kudhani kwamba wanaume wakinyamaza anapofika klabuni, walikuwa wanalisema hilo. Na nani angemwambia? Kijijini kwetu mwanaume anaweza kukiri wizi, akasamehewa. Hilo hakiri.

Akaenda Tabora, akisingizia kumwona dada yake. Kule walikuwapo madaktari wa Kichina, na sifa zao zilikuwa zimefika mpaka kwetu: kwamba wanatibu kwa sindano zisizo na dawa ndani na kwa mizizi ya kwao. Daktari aliyempokea alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mkalimani mwenye sauti kama ya mnadani. Daktari aliuweka mkono wa Otmar juu ya kimto kidogo, akabonyeza vidole vitatu kwenye mshipa, ngozi kwa ngozi, akatulia muda mrefu na macho amefumba. Halafu akakunja uso na kusema jambo.

"Anauliza moyo wako una tatizo?" mkalimani alipaza sauti. Nyuma ya pazia foleni nzima ilikuwa inasikiliza.

"Sina tatizo."

Daktari alisema tena, safari hii akijipiga kifua kwa kidole.

"Anasema kuna dawa za moyo za hospitali hazipatani na mizizi yake. Kama unatumia, useme. Atakupa nyingine, au hatakupa kabisa. Anasema usione haya."

Hapo ndipo Otmar alipopotea. Aliwaza hivi: nikisema ninatumia, atanirudisha mikono mitupu. Tena tangu lini mganga akaambiwa habari za mganga mwenzake? Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ukimtajia mmoja dawa ya mwingine umemtukana, na dawa yenyewe inapoa. "Situmii kitu," akasema. Daktari aliendelea kumtazama, kisha akafunga pakiti za mizizi na magome, akaeleza namna ya kuchemsha, akasisitiza kwamba zikiisha asiongeze, arudi aonwe.

Sasa katika mchanganyiko ule kulikuwa na mzizi mmoja wa manjano hafifu, uliokatwa vipande vyembamba vya mviringo, na ulikuwa mtamu. Mtamu ajabu! Na hiyo ilikuwa miaka ile ya themanini mwanzoni, sukari imeadimika mpaka watoto wengine walikuwa hawaijui, mtu anakunywa chai kavu na kumshukuru Mungu kwa majani. Otmar aliuchagua mzizi ule, akautia kwenye chai. Mzizi ulipokwisha hakurudi Tabora. Alikumbuka kwamba kwenye gulio la Segese yuko mtu anaitwa Onesmo, aliyefanya kazi na Wachina kwenye reli, na anauza vitu vyao: mafuta ya kuchua, chai, na mzizi uleule. Akanunua furushi. Akawa anautafuna akitembea, anautafuna akitazama mawe, anautia kwenye chai asubuhi na jioni. Akajiambia kwamba hiyo si dawa tena. Dawa ni chungu, kila mtu anajua. Kitu kitamu kinakuwaje dawa?

Kwa hiyo Bernadina alipouliza tena, "Baba, kuna dawa nyingine mnatumia?" alijibu "Hakuna, mama," kwa sauti ya mtu msafi kabisa. Lakini furushi alilificha ndani ya viatu vya kanisani, chini ya kitanda. Sasa niambie, mtu anaficha sukari?

Kuhusu kile kilichompeleka Tabora, hakikusaidika sana. Hilo nalo hakulisema.

Siku moja adhuhuri Theopista aliandaa ugali na mlenda. Otmar alikaa, akautazama ugali, akasukuma sahani.

"Mama, umeanza kunilisha yanga?"

Yanga ni ule unga wa manjano wa msaada uliokuja wakati wa njaa, na hakuna mtu aliyeupenda. Theopista alicheka, akidhani ni utani. "Baba Valerian, huo ni sembe. Nimeusaga mwenyewe."

"Unaniona kipofu?"

Theopista aliutazama ugali, mweupe pe, akamtazama mumewe. "Labda ni moshi," alisema pole pole. Otmar hakula. Kwa kweli hata hamu hakuwa nayo; tumbo lilikuwa linamchafuka tangu juzi, na kila kitu kilimkinaisha isipokuwa mzizi wake. Miguu nayo ilikuwa imeanza kuvimba tena. Alitoka nje akaona ukuta wa nyumba uliopakwa chokaa ni wa manjano. Mbuzi mweupe wa jirani ni wa manjano. Aliona haya kumuuliza mtu. Jicho la Nyarugusu liulize rangi ya mbuzi?

Jioni ileile akaja Gelasius. Huyu alikuwa rafiki yake tangu walipokuwa wakichunga pamoja, mtu mkimya, mkulima zaidi kuliko mchimbaji, na alikuwa amerithi duara moja la zamani ambalo watu walishalitoroka kwa sababu kuta zake zilikuwa zinamomonyoka. Alileta jiwe jeupe lenye mishipa, limefungwa kwenye shuka.

"Nitazamie, Jicho. Ukisema hapana, narudi kwenye pamba yangu."

Otmar alilichukua. Juani lilikuwa la manjano. Akalipeleka kivulini, likabaki la manjano. Akalilamba, akalitazama tena, na mishipa yote ilikuwa inawaka, yenye mviringo wa mwanga pembeni, kitu ambacho hakuwahi kukiona maishani. Ndani kabisa ya moyo wake kulikuwa na kisauti kilichosema: na mbuzi je? Na ugali? Alikisikia. Angeweza kusema, rafiki yangu, macho yangu leo hayako sawa, nenda kwa mwingine. Sentensi moja tu. Lakini tayari watu walikuwa wamekusanyika mlangoni kusikia Jicho litasema nini, na mzee ambaye chumbani ameshakuwa si kitu, je, na mlangoni pia awe si kitu?

"Ni yenyewe," akasema. "Chimba."

Gelasius aliuza ng'ombe wake, akatafuta vijana wa kazi, akaingia.

Haikupita hata wiki, Otmar akaanguka uani na kutapika nyongo. Wakambeba kwenye kitanda cha kamba mpaka kituo cha afya. Theopista alikuwa analia na kusema ni malaria, majirani wanasema karogwa kwa ajili ya duara. Bernadina alikuja mbio, akatandika kitambaa chake, akaweka vidole, akageukia dirishani. Akasubiri. Akabonyeza zaidi. Kisha akakivuta kitambaa kile akakitupa chini, akaushika mkono wa baba mkwe wake mtupu kwa mtupu, mbele ya watu. Wanawake wawili waliziba midomo. Mapigo yalikuwa yanakuja moja, yananyamaza, yanakuja moja.

"Tokeni nje wote," alisema. Walipotoka akainama, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimtazama usoni. "Baba. Dawa ya moyo imekuwa sumu ndani yenu. Kwa vidonge nilivyowapa peke yake isingefika hapa. Mmechanganya na nini?"

Otmar aligeukia ukuta. Ukuta ulikuwa wa manjano.

"Mkininyima neno hili sijui niwatibu nini. Mtakufa mikononi mwangu, na mume wangu ataniuliza."

Alitamani kufa, nawaambieni, na si kwa mfano wa maneno. Alipima kifo upande huu na mkwe wake upande ule, na kifo kilionekana chepesi. Kumtajia mke wa mwanao habari za kitanda chako! Machozi yalimtoka. Hatimaye alisema, kwa sauti ambayo hata ukuta haukuisikia vizuri: "Mizizi ya Mchina. Ya... ya ndoa."

Bernadina aliinamisha kichwa. Kisha akauliza kitu kimoja tu, kwa sauti ileile ya kuulizia homa: "Kuna ulio mtamu ndani yake?"

"Upo. Naunywa kwa chai. Kila siku."

"Na mnaona manjano?"

Otmar alishtuka. "Umejuaje?"

"Mzizi ule ukizidi unaondoa mwilini chumvi inayolinda moyo, baba. Chumvi hiyo ikipungua, vidonge vinauma. Na vikiuma, mtu huona manjano." Kisha akaongeza, na sauti ikamkatika: "Na mimi nilikuwa nahesabu kitambaa."

Alimkataza vidonge, alimkataza mzizi, akasimamisha lori la pamba likampeleka hospitali ya misheni. Theopista alikwenda naye. Njiani hakumuuliza kitu. Alikuwa amepita nyumbani kuchukua nguo, akalitoa lile furushi kwenye viatu vya kanisani, akalitupa chooni, na viatu akaja navyo vimepigwa rangi. Ndivyo mzee alivyojua kwamba mkewe alikuwa anajua siku zote.

Asubuhi moja kule hospitali aliamka akaona shuka ni jeupe. Alilishika, akalisogeza karibu. Jeupe. Badala ya kufurahi, alihisi baridi mwili mzima, maana aliliona lile jiwe la Gelasius katika kumbukumbu, na safari hii lilikuwa jeupe pia. Jeupe tupu, lenye mishipa ya kutu.

Aliomba ruhusa akanyimwa, aliomba tena wakamruhusu kwa kuchoka naye. Alifika Nyarugusu mawingu yakiwa yametanda upande wa ziwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye duara, Theopista akimshika kiwiko. Vijana walikuwa wanavuta karai juu kwa kamba. Gelasius alikuwa chini, sauti yake inatoka mbali.

"Gelasi, toka humo. Hamna kitu."

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Jicho. Nilikosea. Lile jiwe halina kitu."

"Jicho lako halijawahi kukosea. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nilikuwa mgonjwa."

"Malaria haigeuzi jiwe, Otmar." Hakumwita Jicho. Vijana wa juu walianza kutazamana, na mmoja wao, mwenye ulimi mkali, akasema kile wote walichokuwa wanawaza: "Mzee anataka tutoke ili aingie yeye. Ng'ombe wa mwenzake wameshauzwa, sasa anataka na shimo."

Tone la kwanza la mvua lilimpiga Otmar shingoni. Udongo wa mdomo wa duara ulianza kulainika na kumeguka vipande vidogo vinavyoangukia ndani. Alijaribu kusema kwamba ni macho. Wakacheka. Akasema ni dawa ya moyo. Wakasema mbona tunawajua wanaomeza vidonge vya moyo na hawasemi ovyo. Kila sababu nusu aliyoitoa ilisikika kama uongo, kwa sababu nusu yake ilikuwa uongo kweli. Alimtazama Theopista. Theopista alimwachia kiwiko, akamwitikia kwa kichwa.

Basi mzee Otmar alipiga magoti kwenye tope, akaingiza kichwa kwenye mdomo wa shimo, akasema kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwepo: "Gelasi, mimi chumbani sina nguvu. Nilikwenda kwa Mchina kutafuta dawa ya hilo. Niliwaficha yeye na mkwe wangu, nikachanganya na ya moyo, ikanigeuza macho. Ugali nilikuwa nauona wa manjano. Mbuzi nilikuwa namwona wa manjano. Jiwe lako lilikuwa jeupe, ndugu yangu. Nilijua macho yangu hayako sawa, nikaona haya kusema. Toka humo."

Mvua ilikuwa imeanza kuchapa. Hakuna aliyecheka. Yule mwenye ulimi mkali alitazama viatu vyake. Kutoka chini ilikuja sauti ya Gelasius, taratibu, kama anajisemea mwenyewe: "Hakuna mwanaume anayejizushia hilo." Kisha kamba ikatikisika, wakamvuta. Alitoka amejaa tope mpaka kope, akampita Otmar bila kumtazama, akaenda zake nyumbani.

Duara liliporomoka kabla ya jioni.

Kesho yake soko zima lilikuwa nalo. Mzee Manjano! Watoto waliimba, wanawake waliziba midomo na khanga, na vijana waliuliza mbuzi wao wana rangi gani leo. Hakutetea kitu. Ukimwita Manjano aliitika, "Naam," kama vile ndilo jina alilobatizwa. Mabega hayakupanda tena. Misa alisikiliza akiwa amesimama nyuma, mlangoni. Mawe aliacha kutazama kabisa. Na nyumbani, siku alipokuwa anapimwa, Bernadina alikuja bila kitambaa, akashika mkono, akahesabu, akauliza lile swali lake. Naye alitaja kila kitu kilichopita mdomoni mwake tangu asubuhi, mpaka karanga.

Gelasius hakuja. Mvua ziliisha, pamba ikavunwa, hakuja. Otmar alijua kwamba ng'ombe hawarudi kwa maneno, hakumfuata.

Halafu siku moja mchana akatokea uani, na shuka mkononi. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alifungua shuka, akatoa jiwe, akaliweka kivulini, chini ya ukingo wa paa.

"Nitazamie, Jicho."

Theopista alisimama na mwiko mkononi. Otmar alitikisa kichwa. "Sitazami tena, Gelasi. Nenda kwa wengine."

"Wengine nimewaona. Wamesema lina kitu, nichimbe." Alilisukuma jiwe kwa kidole. "Nitazamie."

Mzee aliliokota. Alilitazama kivulini. Akalitoa juani, akalilamba, akalirudisha. Alichukua muda mrefu, na macho yalikuwa yamemjaa maji, ikabidi ayafute kwanza.

"Hamna kitu humu," alisema.

Gelasius alilichukua jiwe, akalitupa nje ya ua bila kuuliza mara ya pili, akamwomba Theopista maji ya kunywa.